Asubuhi Tuliyowavusha Vyura

Juzi, hapa Ubelgiji, ndani ya basi la 71 linaposhuka kuelekea mtaa wa Flagey, aliingia mama mmoja na mtoto aliyevaa buti za mpira. Buti zilikuwa na tope jeusi lililochanganyika na vipande vya majani. Mtoto akakaa mbele yangu, na harufu ikanifikia: majani yaliyooza, maji baridi, magome yaliyolowa mvua. Wengine huipenda harufu hiyo. Mimi hunitoa pale nilipo. Nilisahau kubonyeza kengele, nikapitiliza vituo vitatu, kisha nikarudi kwa miguu huku nikimfikiria dada yangu Clarisse.

Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na miwili. Aliniita Petite, yaani mdogo, nami nilimwita Yaya, dada mkubwa. Tuliishi ghorofa ya tatu kwenye mtaa mwembamba juu kidogo ya Flagey, Papa, Maman na sisi wawili. Nyumbani tulisema Kiswahili cha Lubumbashi, nusu yake Kifaransa. Hiki ninachoandikia nimekiokota ukubwani, kwa mume wangu ambaye ni mtu wa Tanga, na kwa vitabu. Papa alisafisha mabehewa ya treni katika kituo cha Gare du Nord. Maman alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Lubumbashi, lakini vyeti vyake hapa havikumfikisha popote, akabaki nyumbani na ugonjwa wa Clarisse.

Clarisse alizaliwa na ugonjwa wa damu, selimundu. Mimi sikulijua neno hilo. Nilichojua ni kwamba kuna siku alicheka na kunisuka nywele, na kuna siku alijikunja kitandani akiuma mto, na Maman akitoka chumbani alimwambia Papa kwa sauti ya chini, "Eko na crise," yaani maumivu yamemshika. Sasa, Papa alikuwa na redio jikoni, na kila asubuhi mtu wa redio naye alisema habari za *la crise*, msukosuko wa uchumi, kwa neno lile lile. Alisema crise imeongezeka. Alisema mawaziri wamekutana kwa ajili ya crise. Alisema nchi nyingi zina wasiwasi. Nikaamini kwamba Ubelgiji nzima inamjua dada yangu, kwamba watu wenye tai wanakaa mezani kuulizana hali yake. Nilitembea barabarani nikijivuna kidogo.

Shuleni alikosa siku nyingi mno. Walimrudisha darasa mara moja, wakataka kumrudisha tena, na mwisho wakaanza kumwambia Maman habari za shule maalumu ya watoto wasioweza. Maman alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka. Mwezi haukuisha kabla hajapeleka barua kwa wahusika kwamba atatufundisha mwenyewe nyumbani. Wote wawili, nami nikiwemo, ili Clarisse asiwe peke yake.

Meza ya kulia ikawa darasa. Asubuhi imla na hesabu, mchana historia. Maman alivaa viatu vya kutokea akiwa humo humo ndani, kwa sababu, alisema, mwalimu hafundishi na ndala. Clarisse alijua kila kitu kabla sijamaliza kunoa penseli. Lakini miezi ilivyokwenda akaanza kunyamaza. Alikaa dirishani akitazama paa za nyumba. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, hata siku ambazo haumwi.

Kwenye maktaba ya mtaa Maman alikutana na mwanamke ambaye naye alifundisha watoto wake nyumbani. Ndiye aliyemwambia kwamba kuna kikundi cha watoto kama sisi wanaokwenda msituni kila Alhamisi, mvua au jua, kujifunza miti na wadudu. Usiku ule wazazi waligombana jikoni. Tuliwasikia.

"Mutoto mugonjwa, unamutuma mu pori, mu baridi hii?" Papa alisema. "Docteur alisema nini juu ya baridi?"

"Docteur alisema avae vizuri na akunywe mayi," Maman akajibu. "Papa Clarisse, umeangalia sura yake? Anazeeka. Eko na miaka douze na anazeeka."

Alhamisi iliyofuata tulipanda tram mpaka Boitsfort, ukingoni mwa msitu.

Mwalimu wa msituni alikuwa mwanamke mmoja Mflamandi aliyestaafu, mrefu, mwenye nywele nyeupe alizokata mwenyewe kwa mkasi, na hiyo ilionekana. Watoto wengine walimwita Lieve, hivi hivi, kwa jina lake. Maman alishtuka. Akatuamuru tumwite Tantine Lieve, yaani shangazi, na mwisho watoto wote tisa wakamwita hivyo, naye akafurahi. Alikuwa na sheria moja ngumu: wazazi wasije. Alisema mzazi akiwepo, mtoto hutazama uso wa mzazi badala ya kutazama mti. Kwa hiyo Maman alitusindikiza mpaka mwanzo wa njia, akarudi kungoja katika mkahawa mdogo karibu na bwawa, na chai yake na madaftari yetu ya kusahihisha.

Kabla ya kutuacha alinishika mabega. "Weye njo macho yangu kule. Akichoka, anaikala. Hata asiposikia kiu, anakunywa. Na asitoe gants. Unasikia?"

"Ndiyo, Maman."

"Sema tena."

Nikarudia yote: mimi ndiye macho yake, akichoka akae, anywe maji, asivue glavu. Mgongoni nilibeba mfuko wenye chupa mbili za maji vuguvugu, shali, na soksi za akiba. Hakuna kazi niliyopata kupewa tangu wakati huo iliyonifanya nijione mkubwa kama ile.

Na Clarisse akafufuka. Sina neno lingine. Tantine Lieve alitufundisha kufumba macho na kuutambua mti kwa viganja, na Clarisse, na glavu zake za sufu, aliutambua kwa shavu. Aliegemeza uso kwenye gome, akasikiliza, akasema jina. Mti wa hêtre una gome la kijivu, laini, lenye mikunjo pale tawi linapotokea. Alimuuliza Maman jina lake kwa Kiswahili, na Maman akasema hauna, si mti wa kwetu. Clarisse hakulikubali hilo. Akaanza daftari la kuvipa majina vitu vyote visivyo na jina kwetu. Hêtre akauita *muti tembo*. Uyoga mmoja mwekundu akauita *kofia ya mambwene*, yaani kofia ya mtu wa kujivuna. Jioni alimsomea Papa, na Papa, aliyekuwa hataki kusikia habari za msitu, akawa anauliza mwenyewe: "Leo mumeita nini tena?"

Tulipita vuli, tukapita baridi. Mara mbili alishikwa na crise, na mara zote mbili ikaisha. Nami nililinda. Nilimnywesha maji mpaka akanichukia. Akinituma nimwokotee jani, nilikwenda mbio, nikarudi mbio, nikamhesabu vidole ndani ya glavu.

Mwishoni mwa baridi vyura huamka. Tantine Lieve alitueleza kwamba wamelala chini ya majani tangu vuli, na usiku wa kwanza wa mvua isiyo kali wote huanza kutembea kwenda kwenye bwawa walikozaliwa. Tabu ni kwamba katikati pana barabara ya magari. Ndiyo maana watu wa kujitolea huweka ukuta wa plastiki kando ya barabara, na kufukia ndoo kila baada ya hatua kadhaa. Vyura wakikuta ukuta hutambaa pembeni mpaka wanadumbukia. Asubuhi watu huja, huwatoa, na kuwavusha.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yetu. Vyura walikuwa wakubwa, wa kahawia, wenye ngozi ya vipele. Tantine Lieve aliweka beseni la maji ya bwawa chini.

"Lowesheni mikono kwanza," alisema kwa Kifaransa chake cha kukatakata. "Mkono mkavu unamuumiza. Na glavu pia, inamkwangua. Clarisse, wewe utaandika. Ndoo ya kwanza wangapi, ya pili wangapi. Bila mwandishi kazi haina maana."

Clarisse akaandika ndoo tatu. Kisha Tantine Lieve akaenda kwenye kona na kibendera na filimbi yake kuyasimamisha magari, na mgongo wake ukawa kwetu. Dada yangu akanipa daftari. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akazitia mfukoni mwangu.

"Yaya, hapana."

"Petite, usiambie Maman."

"Lakini alisema—"

"Najua yenye alisema. Ni mara moja tu."

Akatia mikono yote miwili ndani ya beseni. Niliona maji yakimpanda mpaka kwenye vifundo. Nilishika glavu mfukoni, zilikuwa bado na joto lake, na sikusema kitu. Aliwavusha wanne, au watano; mimi niliyepewa daftari sikuandika hata mmoja. Aliporudi mara ya mwisho vidole vyake vilikuwa vya kijivu. Akafungua zipu ya koti langu akaniwekea mikono kwapani, na baridi yake ilinikata mpaka nikatoa machozi. Tukasimama hivyo mpaka vidole vikarudiwa na rangi. Kisha akavaa glavu.

Mkahawani Maman alimpapasa glavu, zilikuwa kavu. "Alikunywa?"

"Ndiyo."

"Hakutoa gants?"

"Hapana," nikasema.

Ijumaa maumivu yakamshika mgongoni na mikononi. Ilikuwa crise kama tulizozizoea: chupa ya maji moto, dawa, pazia limefungwa. Mimi nilikaa nje ya mlango nikimwahidi Mungu vitu vingi. Jumamosi joto lilipanda, na akawa anapumua juu juu kama mtu aliyekimbia. Gari la wagonjwa likaja. Walimpitisha ngazini kwenye kiti, amefungwa blanketi, akanikonyeza. Nilielewa maana yake: usiambie. Sikuambia.

Jumanne Papa alirudi peke yake. Alikaa kwenye ngazi kabla ya mlango wetu, na nguo zake za kazi, akanivuta nikae. Alisema ni mapafu. Alisema madaktari wamefanya yote. Halafu akavua kofia yake akaishika mikononi, akaitazama ndani kama vile kuna kitu amekipoteza humo, na hapo ndipo nilipoelewa.

Nyumba ikajaa watu wa kilio. Wamama wa kanisa walileta masufuria, watu wa Lubumbashi wakaja kutoka hata Liège, viti vikawekwa mpaka kwenye korido. Siku ya pili Tantine Lieve alikuja na wale watoto saba wengine. Walivua buti mlangoni wenyewe, wakakaa sakafuni wamebanana, na mmoja alikuwa na tawi la hêtre lenye machipukizi. Nilipomwona Tantine Lieve nilijificha chumbani, nyuma ya makoti ya wageni. Nilijua amekuja kusema habari za beseni.

Alinikuta. Alipiga magoti, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliniuliza polepole, kwa sauti ya kuomba, "Siku ile, nilipokuwa kule kwenye kona. Mikono yake iliingia kwenye maji baridi?"

"Hapana," nikasema.

Alifumba macho. Alinishukuru, akanibusu kichwani, akaenda kukaa na Maman. Leo najua kwamba alikuwa amelala siku kadhaa na swali lile, na kwamba angestahili jibu la kweli kutoka kwa mtu mzima, si la uongo kutoka kwa mtoto anayetetemeka ndani ya makoti. Miaka michache baadaye alihamia pwani ya bahari ya kaskazini. Sikumtafuta. Kama yu hai ni mzee sana.

Kwa muda mrefu nilingoja kitu ambacho naona haya kukisimulia. Wiki ile ya mazishi redio ya jikoni ilizimwa, na Papa alipoiwasha tena, mtu wa redio alisema *la crise* bado haijaisha. Aliirudia kesho yake, na kesho kutwa. Basi nikawaza: kama crise yake haijaisha, basi yuko mahali. Hawa watu wa redio wanajua wapi. Nilikuwa naacha mkate ili nisikilize vizuri, pengine watataja jina la mji. Maman aliniuliza kwa nini napenda habari namna ile. Nikamwambia nataka kujifunza Kifaransa.

Darasa la mezani halikufunguliwa tena. Maman alikunja daftari, akavua viatu vya kutokea akaviweka kwenye boksi, na Septemba nikapelekwa shule ya kawaida. Yeye akapata kazi katika nyumba ya wazee. Hakufundisha tena mtu yeyote, hata mimi, nikimletea hesabu alisema, "Uliza mwalimu wako." Jina la Boitsfort halikutajwa nyumbani. Nilikua nikijua kwa hakika, kama mtu anavyojua anwani yake, kwamba mimi ndiye niliyemuua dada yangu kwa kunyamaza.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne nilipoenda kwa Maman na karatasi ya hospitali. Papa alikuwa Lubumbashi kwa mazishi ya dada yake, kwa hiyo tulikuwa wawili, Maman amekaa anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza kwamba mimi nimebeba chembe ya ugonjwa ule, lakini mume wangu hana, kwa hiyo mtoto hatakuwa nao. Maman aliweka kisu chini. Alisoma karatasi yote, pamoja na anwani na saa ya kupima damu. Akapangusa macho kwa mkono wenye majani. Na mimi, kwa kumwona amepata nafuu, nikashindwa kuendelea kukaa mbele ya ile nafuu kama mtu asiye na deni kwake.

Nikamwambia. Beseni, glavu mfukoni mwangu, mikono kwapani. Nikamwambia na neno nililomjibu mkahawani.

Maman hakuniangalia. "Ninajua," akasema.

"Unajua nini?"

"Aliniambia mu hôpital. Ile Jumapili. Aliniambia, Maman, nilitoa gants miye mwenyewe, usimugombeze Petite."

Nilikaa chini. Miaka yote ile. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua.

"Juu kama ningekuambia, ningepaswa kukuambia na yangu." Akaokota jani moja, akaliviringa kwenye kidole. "Asubui ya ile Alhamisi, mbele tupande tram, alikuya ku chumba. Akasema, Maman, mugongo unaniluma kidogo, na hapa mu kifua. Nikamwambia umelala vibaya, hewa itakufanya vizuri. Alors... nilikuwa nimechoka, mutoto wangu. Nilitaka ile saa mbili za peke yangu, na chai yangu. Ile tu. Nilimuuliza docteur kama ni baridi ao kama ilianza mbele, asubui. Akasema hawezi kujua. Nilimuuliza mara ngapi. Kila mara, hawezi kujua."

Nilitaka kusema si kosa lako, lakini nilijua jinsi maneno hayo yanavyoteleza bila kuingia, kwa kuwa nimejiambia mwenyewe mara nyingi. Nikahamisha kiti nikakaa upande wake. Tukachambua sombe iliyobaki, wote wawili, mpaka bakuli likajaa na mabua yakaisha.

Ndipo akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayebisha hodi. "Alikuwa anacheka? Na bale bachura?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimemficha mikono ile, na kumbe kwa kuificha nilimficha asubuhi nzima. Ilikuwa asubuhi ya mwisho ya mtoto wake akiwa mzima, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nayo.

"Alicheka," nikasema. "Wa kwanza alimkojolea mkononi, akacheka mpaka akainama. Wa pili alikuwa jike, mzito, na dume mgongoni, hataki kushuka. Yaya alimbeba kwa mikono miwili, kifuani hapa, anatembea polepole kama padri na kikombe. Katikati ya barabara akainamisha kichwa akamwambia, 'Pardon, Maman. Najua ulitaka kuvuka kwa miguu yako.'"

Maman aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalitikisika, na sikujua ni kilio au kicheko. Kisha sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko, kifupi, kibovu kwa kutotumika, na machozi yalikuwa yakishuka juu yake.

"Chura, anamuita Maman," akasema.

"Ndiyo. Na alipomweka majini alingoja mpaka akaogelea. Tantine Lieve alikuwa anapiga filimbi, magari yanangoja, yeye yuko pale amechuchumaa, anapunga mkono."

Maman alifuta uso kwa kitambaa cha meza. Akasukuma bakuli la sombe pembeni, akaviweka viganja vyote viwili mezani.

"Sema tena," akaniambia. "Pole-pole. Anzia ku tram."